Kwa nini watumishi wa hospitali hawaripoti matukio? Tuache kuwasingizia wauguzi

Dawa_Mseto:

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi ni mfamasia wa hospitali ya wilaya, mkoa siutaji. Nimebebeshwa pia usalama wa mgonjwa, yaani kila robo mwaka nampelekea mganga mfawidhi hesabu ya matukio: mgonjwa kupewa dawa isiyo yake, kuanguka kitandani, sampuli kupotea, damu kutaka kwenda kwa mtu siye. Leba yetu haipoi usiku wala mchana, wodi zimejaa, lakini taarifa zilizonifikia robo iliyopita hazimalizi vidole vya mkono. Na zote ni za wagonjwa walioanguka.

Nikajiuliza kwa nini kuanguka tu. Jibu ni kwamba kuanguka hakuna mwenyewe. Utalaumu kitanda, utalaumu sakafu, utamlaumu mgonjwa kwa kujiamsha usiku. Dawa iliyokosewa ina mkono ulioivuta kwenye sirinji, na mkono huo una jina kwenye orodha ya zamu.

Kikaoni wakubwa wakaja na dawa yao ya siku zote: wauguzi wapewe mafunzo ya kujaza fomu. Jamani! Mtu anayejaza vitabu vya MTUHA (takwimu za huduma za afya) mwezi mzima, partografu (chati ya kufuatilia uchungu wa mama), chati za dawa na kitabu cha ripoti, atashindwa na karatasi moja ya tukio? Hajashindwa. Amepima na ameona haimlipi.

Nitawaambia alichopimia. Muuguzi mmoja, namficha, alikuta kwenye trei ya dharura ampuli za kloridi ya potasiamu zimelala pamoja na za maji ya kuchanganyia dawa. Zinafanana kama mapacha. Alishavunja moja, akasoma maandishi kabla hajavuta. Potasiamu ile ikiingia kwenye mshipa bila kuzimuliwa, moyo unasimama. Almanusura. Akaandika vizuri kabisa, nikaipeleka juu. Kilichorudi ni barua ya kujieleza: kwa nini trei ya zamu yake haikupangwa ipasavyo. Trei imepangwa na zamu iliyopita, ampuli zimetoka stoo kwangu mimi, barua kaipata aliyeona.

Tangu hapo wodi ile haijaniletea hata karatasi ya mtu kuanguka.

Kwa hiyo hoja yangu ni moja. Mtumishi haangalii sera ukutani, anaangalia mwenzake aliyeripoti mara ya mwisho yalimkuta yapi. Karibuni mnipinge.

Ngosha_wa_Ziwa:

Nimeweka kigoda. Nafuatilia.

BintiMkunga:

Umenena mkuu, ila wewe unakaa dirishani famasi, ngoja sisi wa leba tukueleze.

Kwanza muda. Usiku tuko wawili, akina mama hata vitanda havitoshi. Asubuhi unakabidhi zamu ukiwa umesimama unasinzia. Fomu yenyewe inataka jina, cheo, sahihi, namba ya jalada, halafu "hatua ulizochukua kuzuia tukio". Ningekuwa na uwezo wa kulizuia lingetokea?

Pili, kuna tukio moja ambalo hatuna ujanja nalo, kifo cha mama. Hicho taarifa inatoka ndani ya saa 24 na kikao lazima kikae. Tumefundishwa kwamba kikao hakitafuti mchawi, hakitaji majina, kinatafuta mwanya uko wapi. Kinaanza vizuri kweli, kwa sala na utambulisho. Dakika ya kumi mtu mmoja mzito anauliza: "Nani alikuwa zamu?"

Basi. Hapo kikao kimeisha ingawa mtakaa saa tatu zaidi. Kila mtu anaanza kulinda ugali wake. Na mnajua kinachofuata, hata kama hatusemi. Mama akibadilika hali, kuna watu wanakimbilia mgonjwa na kuna watu wanakimbilia jalada. Partografu inajazwa mtoto akiwa ameshazaliwa, mapigo ya moyo yamepangwa kwa nusu saa nusu saa, mstari umenyooka kuliko wa mwalimu wa hisabati. Kikao kinajadili karatasi nzuri ya mgonjwa aliyekufa vibaya. Utajifunza nini hapo?

MjombaWaTanga:

Samahanini, mimi si mtu wa afya. Nimesoma hadi hapa damu inachemka. Shemeji yangu alifia wodini, tukaambiwa "tumefanya kila tuwezalo, kazi ya Mungu". Miezi baadaye mfanya usafi ndiye aliyetutonya kwamba mtungi wa oksijeni ulikuwa mtupu na hakuna aliyejua mpaka walipoufungua. Hospitali siitaji, yamepita.

Sasa nyie mnataka msiulizwe nani alikuwa zamu? Mkiua mpewe karatasi isiyo na jina? Huku kwenye daladala dereva akigonga mtu anawekwa ndani. Mnalindana tu.

Dawa_Mseto:

Mjomba, pole sana. Na hasira yako siipingi hata kidogo.

Ila angalia kisa chako chenyewe. Mtungi mtupu: nani alipaswa kuripoti? Bila shaka ulishawahi kukutwa mtupu kabla ya siku ile, au geji yake ilikuwa imeharibika na watu wameizoea. Aliyejua alinyamaza. Ukimfunga muuguzi wa usiku ule umepata mtu wa kumfunga, na mtungi wa wodi ya pili bado mtupu. Mimi namtaka yule aliyejua wiki mbili kabla.

Dk_Chipukizi:

Mimi ni intern, daktari wa mafunzo kwa vitendo. Nitasema ukweli na mtanisamehe: madaktari hiyo fomu tunaijua kama "fomu ya manesi". Sijawahi kumuona daktari bingwa ameishika. Matukio yetu tunayaongea kwenye ripoti ya asubuhi au kikao cha vifo, yanaishia hapo hapo kwa mdomo.

Halafu kuna suala la ngazi. Nimemuona mkubwa anaandika dozi ya mtoto kwa uzito wa mtu mzima. Nikamnong'oneza, akairekebisha, akasema "good" na maisha yakaendelea. Niijazie fomu? Huyo huyo ndiye atakayesaini kwamba nimemaliza mzunguko wa idara yake. Hapana, asante.

Kuna jambo dogo pia: hatujui hata kipi kinaripotiwa. Kosa lililokamatwa kabla halijamfikia mgonjwa ni tukio au ni kazi kwenda vizuri? Wengi tunaona ni kazi kwenda vizuri.

Dawa_Mseto:

Dokta hilo la mwisho ndilo lenye dhahabu. Lililokamatwa ndilo rahisi kulisema maana hakuna marehemu wala kesi, na linakuonyesha mwanya ule ule utakaoua kesho.

Uingereza walipoanzisha chombo chao cha taifa cha usalama wa wagonjwa, tahadhari ya kwanza kabisa kuitoa, mwaka 2002, ilikuwa hiyo hiyo potasiamu niliyoisema: ampuli kali zitolewe kwenye trei za wodi za kawaida, zifungiwe mahali maalumu. Hawakusema "wauguzi wawe makini". Waliondoa ampuli. Muuguzi akiona ampuli imeondoka kwa sababu yeye aliandika, kesho utamzuia asiandike?

Kuna mtafiti wa Harvard, Amy Edmondson, miaka ya 1990 alipima timu za wauguzi na makosa ya dawa. Alitegemea timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache. Namba zikamgeukia, timu nzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi kwenye kumbukumbu. Baadaye akaelewa kwamba kule watu waliyataja, kwingine waliyafukia. Ndiyo maana mganga mfawidhi anaponipongeza kwa "robo safi isiyo na matukio" natamani kulia.

Mzee_wa_Jalada:

Vijana, nimestaafu utumishi wa hospitali, nimeona awamu zote. Zamani woga ulikuwa matroni. Matroni akiingia wodini hata paka anajificha. Lakini matroni alikugombeza ndani, mlango umefungwa, mambo yakaisha. Siku hizi anakuja kiongozi na kamera, anaulizia nani alikuwa zamu mbele ya wagonjwa, anasimamisha mtu kazi palepale, jioni iko kwenye simu za watu wote mpaka kijijini kwenu. Mama yako anaiona kabla hujapata barua. Halafu unashangaa fomu hazijazwi?

Wakili_Mstaafu:

Mzee wa Jalada kagusa penyewe, niongeze upande wa sheria.

Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa mkoa na wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe mahabusu hadi saa 48. Ina masharti yake, mtu awe tishio kwa amani au ametenda kosa la jinai. Kosa la kukosea dozi halikuwa shabaha ya kifungu hicho. Ila mtumishi wa wodini hasomi masharti, anasoma habari kwamba mtumishi wa mahali fulani kalala ndani.

Mjomba wa Tanga, kwa hoja yako ya kulindana, tazama wenzetu wa anga. Marekani tangu 1976 wana mfumo wa rubani kuripoti kosa lake mwenyewe. Taarifa haiendi kwa mamlaka inayotoa leseni, inakwenda kwa NASA, wao wanafuta majina kisha wanatoa fundisho. Ukiripoti ndani ya siku kumi, na kosa halikuwa la makusudi, unasamehewa adhabu. Jinai haisamehewi, wala ajali yenyewe haimo, ajali ina wachunguzi wake. Kinga ina mipaka yake.

Denmark walilipeleka hospitalini kwa sheria iliyoanza Januari 2004: mtumishi ni lazima aripoti, na kwa kuripoti kwake hawezi kuadhibiwa na mwajiri, baraza wala mahakama. Kuanzia 2011 wagonjwa na ndugu nao wakaruhusiwa kuripoti kwenye mfumo huo huo. Kwetu mtumishi akiniuliza "nikiandika, karatasi hii inaweza kusomwa dhidi yangu?" mimi kama wakili siwezi kumwambia alale usingizi.

NyaliLab:

Wadau wa bara, salamu kutoka Mombasa. Mimi ni wa maabara.

Huku kwetu mnakumbuka hospitali ya Kenyatta, Nairobi, 2018, mgonjwa akafanyiwa upasuaji wa ubongo usio wake. Wagonjwa wawili, mmoja ana damu iliyoganda kichwani, mwingine uvimbe tu usiohitaji kisu, vitambulisho vikachanganywa. Waligundua wakiwa wamefungua fuvu na hawaoni damu yoyote. Daktari akasimamishwa pamoja na wauguzi na mtu wa nusukaputi, madaktari wenzake wakagoma, mkurugenzi mwenyewe akapelekwa likizo ya lazima. Nchi nzima ikajadili nani afukuzwe. Kwamba vile vitambulisho vilikuwa vikichanganyika kabla ya siku hiyo au la, sikumsikia mtu akiuliza.

Kwa maabara, chupa za sampuli zisizo na jina tunazitupa kila siku na kuitisha nyingine. Kila moja ni tukio. Hatuandiki kwa sababu tukiandika wadi watasema maabara inawachongea, na kesho nikitaka kitu wadi nani atanisaidia? Watu wanataja mkubwa tu hapa, lakini mwenzako wa ngazi moja anatisha zaidi.

Dawa_Mseto:

Kabla hatujawacheka Wakenya, Muhimbili upande wa mifupa, Novemba 2007: wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja. Wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Wa kichwa alifariki.

Na kipindi kile kile, 2007 kwenda 2008, hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara ilikuwa kati ya hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani ya kukagua kabla ya upasuaji. Unasimama, unataja jina la mgonjwa kwa sauti, upasuaji gani, upande gani, kila aliye chumbani anajitambulisha. Jumla ya hospitali zote nane, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ninachokipenda kwenye orodha ile ni kwamba muuguzi mdogo kuliko wote ana zamu ya kuongea na haonekani mjuaji. Ni Morogoro hapo, si Toronto ya Kanada pekee, ambayo nayo ilikuwamo.

NesiWaLeeds:

Nimechelewa, nilikuwa zamu. Nimesoma mnavyoisifia Uingereza, ngoja niwapunguzie.

Huku tunaripoti kwenye kompyuta, mfumo uliozoeleka unaitwa Datix. Dakika chache umemaliza. Kuripoti si tatizo, tunaripoti mno. Tatizo ni mbili.

Moja, limegeuka rungu. Ukikwaruzana na mtu anakwambia "nitaku-Datix". Mimi mgeni, ngozi hii na lafudhi hii, nilipofika niliogopa sana hilo neno. Kwa hiyo msidhani mkileta kompyuta woga unaisha, unabadilisha nguo tu.

Pili, taarifa inakwenda na hairudi. Unajaza "wauguzi hawatoshi" leo, kesho, mtondo. Kimya. Kule Stafford, kwenye kashfa ya hospitali iliyochunguzwa na wakili Robert Francis na ripoti kutoka 2013, muuguzi wa idara ya dharura Helene Donnelly alijaza ripoti makumi kwa makumi. Wenzake wakamtisha mpaka akaogopa kutembea peke yake kwenda kwenye gari usiku, na wagonjwa wakaendelea kuumia. Baada ya hapo ndipo kila hospitali ikatakiwa iwe na mtu maalumu wa kumwendea ukiwa na jambo la kusema. Wengine ni wazuri kweli. Wengine ni bango la ukutani.

Mimi nikiulizwa kipi kinaua kuripoti, adhabu au kimya, nasema kimya. Adhabu inakukasirisha. Kimya kinakufundisha kwamba hukuwa na maana.

BintiMkunga:

Dada wa Leeds hapo tutabishana. Kimya unakiogopa wewe uliye na chama kinachokutetea. Huku leseni ikiguswa watoto hawasomi. Na Marekani je, yule nesi wa Tennessee?

NesiWaLeeds:

RaDonda Vaught. Desemba 2017, hospitali ya Vanderbilt. Alitafuta dawa ya kutuliza kwenye kabati la kompyuta, akatoa vecuronium, dawa ya kulegeza misuli. Mgonjwa akafariki. Alikiri mara moja kwa wakubwa wake, hakuficha kitu. Akafukuzwa, akakamatwa 2019, Machi 2022 akatiwa hatiani kwa kuua kwa uzembe, Mei akapewa kifungo cha nje miaka mitatu na leseni alishapoteza. Aliyesema ni nesi. Wakaguzi wa serikali walikuja kujua 2018 kwa kutonywa na mtu asiyejitaja, hospitali haikuwaambia.

Nakubali, siku ya hukumu ile hata huku Leeds watu walikuwa wanaitazama kwenye simu wodini. Jimbo la Kentucky, jirani yao, mwaka 2024 likatunga sheria kwamba mtumishi wa afya asishtakiwe kwa jinai kwa kosa la kikazi lisilo la uzembe mkubwa wala kusudi.

MjombaWaTanga:

Nimewasoma wote. Sijakubali yote, ila huyo nesi aliyekiri kahukumiwa, na hospitali iliyoficha je? Hapo hata mimi nimeona kona.

Swali langu dogo. Mimi ndugu wa mgonjwa, nimekuta mtungi mtupu leo, naripoti wapi? Msiniambie sanduku la maoni. Lina kufuli la kutu.

Dawa_Mseto:

Sanduku silitetei, la kwetu lilikuwa limejaa karatasi za pipi. Nenda kwa muuguzi kiongozi wa wodi wakati huo huo, asipofanya kitu, ofisi ya mganga mfawidhi, na omba waandike mbele yako. Ikiwa ni dawa imekudhuru kuna fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, iko famasi, hata mgonjwa anaweza kutoa taarifa. Hiyo fomu tunaijaza bila woga sana, mmeona? Kwa sababu mkosaji ni dawa.

Nami kwetu nimeomba nijaribu kitu kwenye wodi mbili. Karatasi nusu ukurasa, haina jina wala sahihi, haipiti kwa inchaji (muuguzi kiongozi wa wodi), inaletwa famasi na mtu yeyote hata mhudumu wa usafi. Kila Ijumaa nabandika ubaoni: wiki hii mmesema haya, tumebadilisha hili, hili tumeshindwa kwa sababu hii. Maswali ni matatu: Nini kilitokea au kilitaka kutokea? Wapi na saa ngapi? Kitu gani kilirahisisha kitokee?

Dk_Chipukizi:

Wodi ina watu wanane, hata bila jina watajua mwandiko. Tumia vyumba vya kuweka tiki.

BintiMkunga:

Ongeza swali la nne: wakati huo mlikuwa wauguzi wangapi kwa wagonjwa wangapi?

Dawa_Mseto:

Mganga mfawidhi hatalipenda hilo.

BintiMkunga:

Ndiyo maana nataka liwepo.

Dawa_Mseto:

Nimeliongeza. Tiki nazo nimeweka. Anayetaka muundo wake aseme, naupandisha hapa jioni nikitoka kazini.